Kisu Changu na Kisu cha Shemeji

Jumapili, 1 Oktoba

Mkutano wa chama cha wawindaji. Kahawa nyepesi, mikate ya mdalasini ya juzi. Tuko wanachama kumi na saba. Wote nimewanyonyea mashimo ya vyoo kwa lori langu miaka thelathini na minne, nikianza na ndoo na trekta la kuazima, na hakuna hata mmoja aliyenisogezea kiti karibu na jiko.

Habari kubwa: mzee Eevertti anaachia ukuu wa banda. Ana miaka themanini na moja na mikono inatetemeka. Msimu uliopita alijikata kidole gumba akidhani ni kiungo cha hirvi. Hirvi wetu ni mnyama mrefu kuliko farasi, pembe kama makoleo mawili. Akiangushwa huletwa bandani, huning'inizwa kwa winchi, na mkuu wa banda husimamia uchunaji. Mkuu wa banda hatembei kinamasini. Hapo ndipo masikio yangu yaliposimama.

Siri hii naiandika humu tu: magoti yangu yamekwisha. Daktari wa mjini alitazama picha akaniuliza kama nimewahi kuanguka kutoka ghorofani. Na kazi yangu chamani ni kuswaga. Tunajipanga mstari, tunakata kinamasi tukipiga kelele, hirvi wakimbilie kwa wenye bunduki. Kilomita tisa kwa siku, siku mbili kwa wikendi, wikendi nane: kilomita mia moja arobaini na nne. Magoti yamebakiza labda ishirini. Kulenga nako sijui. Miaka kumi na tisa, hirvi wawili, na mmoja wao alikuwa amelala.

Asiyeswaga wala kulenga hana kazi chamani. Asiye na kazi hupigiwa makofi na kupewa kikombe chenye picha ya bata. Nimeshuhudia wanaume wawili wakipewa kikombe hicho. Sasa wote wanafuga sungura.

Kwa hiyo ni banda au kikombe.

Mwenyekiti wetu, Hilkka Sorvari, aliyewafundisha hesabu nusu ya wanachama walipokuwa shuleni, aliuliza nani anautaka ukuu. Nikanyoosha mkono. Mtu akakohoa. Kisha Yrjänä naye akanyoosha. Yrjänä! Kaka wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi kutaka kitu maishani isipokuwa kipande cha pili cha keki.

Nikapiga hesabu ya haraka. Kwa kura, yeye tisa, mimi nne nikijihesabu, waliobaki watafuata upepo. Nikasimama kabla karatasi hazijagawiwa. Nikasema ukuu wa banda ni kazi ya kisu, basi tulinganishe visu vya wagombea kwa pointi, tuache mambo ya sura na undugu. Macho ya Hilkka yakang'aa. Pointi kwake ni peremende. Akaniambia wazo zuri, Jalmari, andaa jedwali.

Mtunga mtihani hafeli.

Jumanne, 3 Oktoba

Jedwali limekamilika. Vigezo kumi, pointi mia.

Kisu changu: nilikisubiri miezi kumi na minne kwa mhunzi wa magharibi, mtu asiye na simu. Bapa la sentimita tisa na nusu, chuma cha kaboni, pande zake zimeteremka moja kwa moja mpaka kwenye makali kama visu vya babu zetu. Mpini wa mti wa betula wenye mafundo, pete ya pembe ya kulungu wa Lapi, kaskazini kabisa mwa nchi yetu. Ala ya ngozi inayonukia lami. Ukikichomoa, watu wananyamaza.

Kisu cha Yrjänä: cha kiwandani, cha Waswidi, mpini wa plastiki ya rangi ya machungwa. Huuzwa ndani ya ndoo karibu na mlango wa duka la pembejeo, ukitaka kuchukua unasogeza soksi. Anapakia siagi, anafungulia makopo ya rangi, anakwangulia matope kwenye trekta. Hicho hicho.

Nikaweka vigezo: uzuri, historia ya ukoo, jina la mhunzi, harufu ya ala, mlio wa kukichomoa, na vingine vya kisayansi. Nikafanya jaribio la faragha mezani. Changu themanini na saba, chake thelathini na moja.

Vuokko, mke wangu, akasoma juu ya bega langu. Akauliza, "Kukata kuko wapi?"

Nimeongeza kukata. Pointi tano.

Jumatano, 4 Oktoba

Jedwali limerudi kutoka kwa Hilkka, limejaa wino mwekundu. Pembeni pa "harufu ya ala" ameandika: Jalmari, hirvi hana maoni kuhusu hili. Amefuta vigezo vinane, ameongeza viwili. Vimebaki vitano, vya pointi ishirini kila kimoja: muda wa kuchuna paja moja, mshiko kwa mkono wenye mafuta, kudumu kwa makali, wepesi wa kuosha, na kuonekana kisu kinapodondoka chini.

Nimerudia jaribio. Changu hamsini. Chake themanini na moja.

Kwenye kuoshwa, cha kwangu kinataka kufutwa, kupakwa mafuta na kuombewa, vinginevyo kutu. Chake anakitupa ndani ya mashine ya kuoshea vyombo. Kwenye kuonekana ndiyo aibu kabisa. Nilividondosha vyote viwili kwenye kuvumwani, zulia la mimea laini lililotanda nyuma ya gereji. Cha machungwa kilionekana mpaka barabarani. Changu nilikitafuta dakika ishirini na mbili, nikakipata kwa goti.

Pointi mbili kati ya ishirini, kwa sababu kina rangi ya nchi yake. Huo ni uzalendo unaoadhibiwa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Usiku sikulala, nikafikiri, nikapata. Kama kisu chake ni kizuri mno, abadilishe kisu.

Darini nina kisu kikubwa cha Lapi. Bapa sentimita ishirini na tatu, pana kama mwiko, zito. Ni kisu cha kupasulia kuni na kukatia matawi ya kulalia. Kuchunia hirvi ni kama kunyoa ndevu kwa koleo. Nimekilinganisha jedwalini kwa uadilifu wote: arobaini.

Nikakisugua kikang'aa, nikampelekea Yrjänä kama zawadi. Nikamwambia mkuu wa banda, akishinda, hawezi kusimama mbele ya wenye mashamba tunakowinda na kijiti cha plastiki, atachekwa yeye na ukoo mzima. Akakishika kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakitazama, pua ikawa nyekundu. Akasema tangu harusi yangu na Vuokko hakuna mtu wa upande wetu aliyewahi kumpa kitu.

Nikamwambia si kitu, shemeji.

Kisha akaanza kujipapasa mifukoni. Kisu hakipokelewi bure, kila mtu anajua, lazima utoe sarafu, la sivyo kinakata undugu. Hakuwa na sarafu, siku hizi kila mtu kadi. Akafungua droo, akakuta skrubu na kipande cha penseli. Akasema ataleta, nisiondoke na kinyongo. Tukanywa kahawa. Mkewe akatuletea keki, naye Yrjänä akanipa mimi kipande chake cha pili.

Nilijisikia vibaya njiani. Kama kilomita nne hivi. Nyumbani ni kilomita sita.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Na siku ya msiba.

Betula huiva kwa mafuta ya kitani na joto. Unaupaka mpini, unauweka saunani moto ukiwa mdogo, kuni zinapoanza tu, mafuta yanazama ndani ya mti na mshiko unakaza. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Mshiko ni pointi ishirini, mimi nina kumi na tatu. Nikakiweka kisu kwenye benchi la juu, nikaenda chumba cha kubadilishia nguo kupumzisha magoti. Dakika tano tu.

Nimeamshwa na Vuokko akiimba. Alikuwa amejaza jiko kuni, ndoo nzima ya maji imeshamwagwa kwenye mawe, kipimajoto kiko mia moja na nne. Nikauliza kisu kiko wapi. Akasema kulikuwa na kitu kinanuka juu ya benchi, alidhani ni soseji yangu.

Mpini umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Pete ya pembe imejiondokea. Bapa linazunguka ndani ya mpini kama ufunguo kwenye kitasa.

Nimetia gundi. Nimezungushia tepu ya umeme, na iliyokuwepo ni ile ya mistari ya njano na kijani. Kinafanana na nyaya za kwenye jengo la serikali.

Nikakaa mezani na jedwali. Mshiko umeshuka kutoka kumi na tatu hadi tisa, hilo nakubali. Lakini kuonekana! Nilikitupa kwenye kuvumwani, nikakiona papo hapo, na giza limeshaingia. Kutoka mbili hadi kumi na nane. Jumla yangu sasa ni sitini na mbili, ya Yrjänä arobaini.

Ajali imenipa pointi kumi na mbili. Ningelijua ningekichoma mapema.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mazoezi gerejini, mguu wa nguruwe. Dakika kumi na moja. Bapa limegeuka mara moja tu, nikaongeza tepu.

Dukani nimemkuta Yrjänä akimwonyesha mwenye duka kile kisu cha Lapi. Anakivaa kiunoni hata kununua maziwa. Kila anayepita anaambiwa, "Hiki kanipa shemeji Jalmari. Mwenyewe kabisa, hajaombwa." Mwenye duka akanitazama kwa namna ambayo hajawahi. Nikajifanya nasoma bei ya chachu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hilkka amepiga simu. Shindano ni Jumamosi, siku ya kwanza ya msimu, hirvi wa kwanza: mmoja paja la kushoto, mwingine la kulia. Yeye ndiye mwenye saa na kalamu. Eevertti ndiye jicho, atakayehakiki kazi.

Kwa hiyo nimempelekea Eevertti mkate wa shayiri na samaki wa kuokwa ndani yake, kumjulia hali tu. Amekula. Hajasema asante. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Unatembea kama meza."

Nikamwambia ni viatu.

"Meza ya zamani," akasema.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani, mto chini ya kila goti.

Asubuhi ilianza vizuri. Ukungu, nyuzi tatu juu ya sifuri. Nikaswaga kilomita nne na nusu nikiwa nimeuma meno, nikipiga kelele kuliko wote kwa kuwa nilikuwa na sababu. Saa nne na dakika ishirini Hilkka akaangusha dume changa kwa risasi moja. Kufika saa saba mnyama ananing'inia bandani na kijiji kizima kimesimama kwenye mlango na soseji mikononi.

Yrjänä akakichomoa kile kisu cha Lapi. Watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Mmoja akamuuliza kama anachuna au anajenga nyumba. Hilkka akamwambia ana ruhusa ya kwenda kuchukua kisu chake cha machungwa garini. Yrjänä akasema hapana, hiki kapewa na shemeji, kukiacha itakuwa utovu wa adabu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nakiri.

Hilkka akabonyeza saa.

Nikafungua ngozi kwa mstari safi kama wa rula. Dakika mbili za mwanzo niliongoza, kila mtu aliona. Kisha mafuta yakaingia ndani ya tepu, na bapa likageuka. Nikalirudisha. Likageuka. Nikawa nachuna kwa ubavu wa kisu, napapasa tu kama mtu anayepaka jamu. Nikakaza nguvu, likageuka tena, nikatoboa ngozi, tundu la sentimita kumi na nne. Mtu mmoja akasema sasa hirvi ana dirisha.

Upande wa pili Yrjänä alikata mara moja. Mara moja tu, kwa uzito wa lile dude, kama anafungua begi. Halafu akalipangusa, akalirudisha alani, akakunja ngumi akaisukuma kati ya ngozi na nyama, hivyo hivyo, kama mtu anayevua soksi ya mtoto. Ngozi ikashuka yenyewe. Dakika sita na sekunde arobaini.

Nikadai si halali, tunalinganisha visu na siyo ngumi. Hilkka akasema jedwali linasema muda wa kuchuna, halisemi kwa kifaa gani. "Wewe ndiye uliyetaka jedwali, Jalmari." Matokeo yakatangazwa. Yrjänä sabini na nne. Makali ya kisu chake hayajafifia kwa sababu yametumika mara moja tu, na hakina uchafu wa kuosha kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ishirini na tisa, na kati ya hizo ishirini ni za kuonekana. Nilipata zote. Waliokuwa nje barabarani waliniona.

Lakini hayo si mabaya zaidi. Nilikuwa nimechuchumaa kumalizia sehemu ya chini. Watu walipopiga makofi nikataka kuinuka nimpe mkono mshindi kiungwana. Sikuinuka. Magoti yalikataa. Nikajaribu tena, nikabaki pale pale, nimechuchumaa katikati ya banda kama kuku anayetaga, wanachama wenzangu kumi na sita wananitazama na soseji zinapoa. Yrjänä akanishika makwapani akanisimamisha kama anavyosimamisha ndama. Akaniuliza polepole, sikioni, tangu lini.

Eevertti akajibu badala yangu, kwa sauti ya banda zima. "Tangu mwaka juzi. Mimi nilidhani mnajua."

Jumapili, 15 Oktoba

Siku nzima nasubiri kikombe cha bata. Vuokko hajanisemesha tangu jana. Kisha amenisemesha. Miaka miwili, amesema, analala na mtu mwenye magoti mabovu na anajulishwa na Eevertti bandani! Nikafungua daftari kutafuta jedwali la kujibia hilo.

Saa nane akaja Yrjänä. Kabla hajakaa akaweka sarafu ya senti kumi mezani, akaisukuma mbele yangu. Akasema kosa ni lake, zawadi ilikuwa haijalipiwa, ndiyo maana mambo yamekatika vile.

Nikamuuliza, kwa kuwa sasa sina cha kupoteza, kwa nini aliutaka ukuu. Akashangaa. Alisema hakuutaka. Kazi yenyewe baridi, inanuka, unakosa kuswaga na wenzako. Siku ile Hilkka alisema hatuondoki mpaka apate majina mawili, yeye njaa ilikuwa inamuuma, akanyoosha mkono ili twende nyumbani. Niliposimama na habari ya pointi akadhani napenda michezo.

"Ungeniambia tu magoti, shemeji," akasema. "Ningeukataa hapo hapo."

Nimelihesabu hilo. Siku kumi na nne, kisu kimoja, dari moja iliyofagiliwa, mkate mmoja wa samaki. Neno moja lingetosha.

Akataka kuniachia ukuu. Vuokko akasema mtu asiyeweza kuchuchumaa atachuna hirvi mpaka kiunoni tu. Lakini Yrjänä alikuwa ameshazungumza na Hilkka. Bandani anatakiwa mtu wa mizani. Nyama hugawanywa mafungu sawa, halafu mmoja anageuza mgongo, anaulizwa fungu hili la nani, anataja jina bila kuona. Miaka yote mafungu yamekuwa ya macho tu, na miaka yote kuna manung'uniko. Hilkka anataka mtu mkali wa namba. Kazi ya kukaa kwenye kigoda. Uanachama kamili, hisa kamili, hakuna kikombe.

Nikasema nitafikiri. Vuokko akamwambia kaka yake kwamba nimekubali.

Jumatano, 18 Oktoba

Mgao wa kwanza. Nyama kilo mia moja kumi na tisa, mafungu kumi na saba, kilo saba kila moja. Tofauti kati ya fungu kubwa na dogo: gramu sitini. Hilkka alipima upya matatu, akanikabidhi kalamu yake nyekundu. Hakuna aliyenung'unika. Eevertti alitafuta cha kunung'unikia, akakosa, akanung'unikia hali ya hewa.

Kwa mara ya kwanza tangu masika nimemaliza kazi magoti hayapigi kelele. Nina mahali pangu. Kigoda, mizani, daftari. Hakuna wa kunitoa.

Isipokuwa mmoja.

Nilipofika asubuhi nilikuta jiko dogo la kuni limehamishwa kutoka kona ya mbali hadi mita moja na robo kutoka kigoda changu. Yrjänä alilibeba mwenyewe, pamoja na bomba lake, ilimchukua jioni nzima ya jana. Akasema ni kwa ajili ya magoti, joto litayasaidia. Akatandika na ngozi ya kondoo juu ya kigoda.

Nikamshukuru. Kisha nikafikiri. Mtu hahamishi jiko la kilo arobaini na mbili bure. Joto, ngozi laini, kazi ya kukaa: mzee yeyote anasinzia ndani ya dakika kumi na nane, nimejipima leo kwa saa. Mwenye mizani akikutwa amesinzia, mizani inapewa nani? Mkuu wa banda, bila shaka, yuko hatua tatu tu. Ameutwaa ukuu huku anasema haoni haja nao, sasa anataka na mizani. Huyu shemeji ni mwerevu kuliko nilivyodhani.

Wenzangu walipoondoka nilibaki. Nimelirudisha jiko kwenye kona yake, peke yangu, kwa kulivuta hatua kwa hatua. Na ngozi ya kondoo nimempa mbwa.

Magoti yananiuma ajabu. Lakini niko macho.